Kigoda Kimehamia Dirishani

4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi na wifi yako hatujambo, na saa za watu zinatembea, nyingine zinagoma kama kawaida yao. Najua utashangaa kupata barua yangu kabla hujajibu ile ya Desemba. Usiogope, hakuna aliyekufa. Kwa msiba ningepiga simu, si ndivyo tulivyokubaliana? Simu ni ya misiba na harusi, mengine yote ni ya barua.

Nina swali la kipuuzi. Unaukumbuka ule mchezo wetu wa Taa Imezimika? Juzi nilikuwa nimekaa dukani, sina hili wala lile, ukanijia wote. Mmoja anapaza sauti, "Taa imezimika!" Wote tunafumba macho. Mama anataja kitu, labda mwiko, labda ndoo, labda pasi, na mtu unakifuata huku unahesabu hatua kwa sauti. Ukigonga kitu kingine njiani, umetoka. Hapo nakumbuka vizuri. Kanuni nyingine zimenipotea. Wewe ulikuwa na miaka kumi, mimi saba, kichwa chako kilishika zaidi. Niandikie zote, hata zile ndogo ndogo.

Na jambo lingine. Mama alipokuwa anacheza nasi, alifumba macho au hakufumba?

Ni hamu tu ya kujua. Siku hizi natengeneza saa za ukutani peke yake, zile za mkono nimemwachia fundi mwenzangu, kwa hiyo nafasi ya kuwaza mambo ya kale ninayo.

Mdogo wako,
Fundi Saa


15 Februari

Bwana Dakika,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nimesimama kwenye korido ya wodi ya wazazi, glavu zingali mkononi, mpaka daktari akaniuliza kama nimepata habari mbaya. Nikamwambia nimepata habari za utotoni. Akaondoka anatikisa kichwa.

Wewe wa kuniuliza mimi kama naukumbuka mchezo ule! Umesahau nani ana kabati zima la madaftari ya vyumba vya watu? Tangu nikiwa mkunga mwanafunzi, kila nyumba niliyoitwa kuzalisha, nikitoka naichora: mlango hapa, kitanda pale, dirisha, hatua ngapi kutoka kitandani hadi kwenye maji. Sasa zimefika nyumba mia mbili na kumi na nne. Shemeji yako, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mimi nimeolewa na kuta, yeye ni mpangaji tu. Watu wakiniuliza ugonjwa huu niliupatia wapi, nawaambia nyumbani kwetu kulikuwa na mchezo, na Mama alinipa daftari na penseli akasema, "Andika wewe, mwandiko wako ndio mzuri." Tangu siku hiyo sijapona.

Haya, kanuni. Mikono haiendi mbele kama mtu anayepapasa, inakaa ubavuni, mtu anatembea kama anayekwenda zake. Kila kitu kinarudi mahali pake, mwiko ukitoka msumarini unarudi msumarini. Na ukihamisha kitu chochote, lazima utangaze nyumba nzima isikie. "Kigoda kimehamia dirishani!" Unakumbuka tulivyokuwa tukipiga kelele? Hii ya mwisho sijawahi kuielewa hadi leo. Mchezo gani wa kufumba macho ambao mtu anatangaza mtego wake mwenyewe? Nilimuuliza Mama, akasema ndiyo sheria, na asiyetangaza hapati chakula.

Ama hilo swali lako la macho limenichanganya. Mama hakucheza. Mama alikuwa mwamuzi. Alikaa kwenye kiti chake, sisi ndio tuliokuwa tunahangaika. Umemchanganya na nani?

Dada yako,
Mkunga


27 Februari

Dada,

Sijamchanganya na mtu. Mama alicheza. Alicheza kila siku na alitushinda kila siku. Alikuwa anakwenda mpaka kwenye pipa la maji na kurudi na kikombe kimejaa pomoni, tone halijamwagika. Na macho hafumbi! Nilikuwa nampigia kelele, "Mama unaiba! Mama macho wazi!" Naye anacheka, anasema mkubwa ana ruhusa. Iweje mimi nikumbuke hivi na wewe ukumbuke kiti? Tulikulia nyumba moja au mbili?

Mistari ikipanda mlima usinicheke, kalamu ni mbovu na meza ya duka inayumba.

Kwa kuwa tumeshaanza kufukua ya kale, na mimi nina langu. Unakumbuka Mama alivyokuwa anafua nguo za watu. Kabla ya kuloweka tulikuwa na ule mchezo mwingine, anatupa rundo, sisi tunataja, "Nyeupe! Nyekundu! Ya buluu!" na yeye anatenga. Sasa siku ile mashuka meupe ya nyumba ya wageni yalipotoka ya waridi, kwa sababu kitambaa chekundu kiliingia humo, Mama alisema ni mimi niliyekitia. Nilichapwa mbele ya mwenye mashuka. Dada, nakuapia sikukitia. Hata nyumbani sikuwepo, alikuwa amenituma sabuni. Nina miaka hamsini na nane. Mama alikufa nikiwa na tisa. Na bado jambo hili likinijia, naweka bisibisi chini. Kwa nini alisema ni mimi? Wewe ulikuwepo. Nani alikitia?

Na lile daftari la kwanza kabisa, unalo? Nitumie zile hesabu za hatua.

Mdogo wako,
Fundi Saa


11 Machi

Mdogo wangu,

Hili la mashuka limeniumiza. Mimi nakumbuka tulicheka. Nakumbuka kamba nzima ya mashuka ya waridi yanapepea, na mimi nimeshika mbavu. Wewe ulikuwa unalia na mimi nacheka, na miaka yote hii nilikuwa nalisimulia kama kichekesho. Nisamehe. Mimi sikukitia. Wewe hukukitia. Baba alikuwa safarini na lori lake. Nyumbani tulikuwa watu watatu. Sijui.

Daftari ninalo, lilikuwa kwenye kopo la biskuti chini ya vyeti vyangu. Jalada limeliwa na mende lakini namba zinasomeka. Mlango hadi meko, tano. Meko hadi pipa la maji, tatu. Kitanda cha Mama hadi mlango, sita. Mlango hadi kamba ya nguo, kumi na nne. Zote kwa mwandiko wangu, zile tatu zangu zenye mkia.

Nilifurahi nikasema leo nitachora nyumba yetu, ambayo sijawahi kuichora. Nikakaa na rula. Hatua ya mtoto wa miaka kumi nikaikadiria sentimita arobaini, maana niliona hata hiyo ni ya kujivuna. Nikachora. Nyumba imetoka banda la kuku! Kitanda cha Mama kikiingia, mlango haufunguki. Mlango ukifunguka, sisi wawili hatuna pa kulala. Nimefuta mpaka karatasi imetoboka. Nimechora nyumba mia mbili na kumi na nne za watu baki na hii moja yetu imenishinda.

Au nilikuwa naandika uongo? Lakini kwa nini mtoto adanganye hatua?

Na wewe unazitakia nini hasa? Barua mbili hizi hujaniambia habari ya maana ya duka.

Dada yako,
Mkunga


19 Machi

Wifi yangu, shikamoo.

Naandika mwenye saa akiwa dukani, na barua hii naomba asijue. Mimi sijui nianzie wapi. Mdogo wako amebadilika. Asubuhi anatoka chumbani anatembea kama askari wa gwaride, mikono ubavuni, midomo inahesabu. Nikiacha sufuria upande huu badala ya ule, ugomvi. Nikivuta kiti, ugomvi. Miaka thelathini alikuwa hajui hata chumvi inakaa wapi, leo ananifundisha mimi jiko langu!

Lingine ni hili. Alileta saa ya mteja nyumbani, springi yake ikapotea, akasema nimeifagia. Wifi, sikufagia, nilikuwa sokoni. Nilimwambia hivyo, akasema nimeifagia, basi. Mimi kusingiziwa ndani ya nyumba yangu sijazoea. Ilinikaa moyoni wiki nzima na hajaniomba radhi mpaka leo.

Nilianza kufikiri kuna mwanamke. Halafu nikaona barua zako zimewekwa pamoja kwenye droo, na moja ina habari za hatua na mwiko. Ni mchezo gani huo mnaocheza, watu wazima wenye mvi? Na kwa nini mimi simo?

Wifi yako


24 Machi

Wifi yangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha tatu akaniuliza kulikoni. Mwanamke gani atamvumilia yule na tiki-taki zake? Weka moyo wako chini.

Ni mchezo wa utotoni, Mama yetu alitufundisha. Anamkumbuka Mama, ndiyo hivyo tu. Wanaume wakifika umri huu mama zao wanawarudia. Hilo la springi kweli amekukosea, na nitamsema.

Ukitaka kuingia mchezoni, fanya hivi. Kuna sheria kwamba ukihamisha kitu lazima utangaze. Wewe usitangaze. Chukua kigoda, kiweke pale asipokitarajia, kaa kimya umtazame. Hebu mara moja aone cha mtema kuni, maana alikuwa anajidai hakuna wa kumshinda ila Mama. Kisha uniandikie alivyokasirika.

Wifi yako,
Mkunga


5 Aprili

Wifi,

Nilifanya ulivyosema. Kigoda nilikitoa ukutani nikakiweka katikati, kati ya meza na mlango wa chumbani. Ilikuwa saa sita mchana, mapazia yote wazi, jua limejaa sebuleni. Nikakaa kwenye kochi nimejikaza nisicheke.

Akatoka chumbani macho wazi. Alikuwa ananitazama mimi usoni, wifi, hata akatabasamu. Na akakiendea kile kigoda kama hakipo.

Amevunjika kiwiko cha mkono, ule wa kulia. Plasta wiki sita.

Pale chini hakulia maumivu. Alisema, "Kwa nini hukutangaza?" Nikamwambia nilidhani ni utani. Akarudia, "Kwa nini hukutangaza?" mpaka nikaogopa. Sijui nimuonee huruma au nimkasirikie. Mtu anatazamaje mbele halafu anakanyaga kitu kikubwa vile? Wewe unajua jambo. Kama unajua, niambie, maana mimi ndiye ninayelala naye chumba kimoja.

Wifi yako


12 Aprili

Mdogo wangu,

Kigoda kile ni mimi. Mkeo alitumwa, mtumaji ni mimi. Nilidhani nachokoza, kumbe navunja mkono wa fundi saa. Sijui nikuombe radhi kwa maneno gani, kwa hiyo nakuomba kwa haya tu: nisamehe.

Barua ya wifi ilifika Jumatatu. Jana asubuhi nilichukua chaki na futi ya utepe nikaenda kwenye korido ya wodi kabla wagonjwa wa kliniki hawajajaa. Nikatembea hatua tano, mwendo wangu wa kawaida, mikono ubavuni. Nikapima. Nikarudi kwenye rula yangu nikachora nyumba yetu kwa hatua hiyo, hatua ya mwanamke mzima. Kitanda kimeingia. Mlango umefunguka. Meko iko pale pale ilipokuwa, na pipa, na kona tuliyolala mimi na wewe.

Zile hatua hazikuwa zetu. Mama alitembea na mimi nikaandika. Sasa nakumbuka sauti yake, "Andika tano," na mimi nikiona ananikatiza mchezo wangu.

Nimekaa nikavipanga vyote, na bado naogopa kuvitazama. Mikono isipapase, ili jirani akipita asishtuke. Mwiko urudi msumarini. Kigoda kikihamia dirishani, apigiwe kelele. Nguo tumtajie rangi. Wewe ulisema alicheza macho wazi, mimi nilisema hakucheza, na wewe ndiye uliyekuwa sahihi. Alikuwa anacheza na hatukujua. Na kitambaa chekundu, ndugu yangu, nyumbani tulikuwa watatu, na wawili hatukukitia.

Mimi ambaye kazi yangu ni kumwangalia mama wa watu kuanzia kucha mpaka nywele, wangu sikumwona. Miaka hamsini nawaambia watu mchezo wetu ndio ulionipa madaftari haya. Sasa sijui hata kama ulikuwa mchezo. Lakini tulicheka kweli, si tulicheka? Niambie tulicheka.

Nakuuliza jambo moja, na usinijibu habari za kalamu mbovu. Unaona?

Wifi hajui ninachokifikiri. Sijamwambia, hilo ni lako. Ila wenye nyumba hiyo ni watu wawili. Tangaza.

Dada yako,
Mkunga


28 Aprili

Dada,

Mwandiko huu si wangu, ni wa wifi yako. Mimi nasema, yeye anaandika. Mkono uko kwenye plasta, lakini hata ungekuwa mzima ningemwomba, maana siku hizi mstari ninaoandika na mstari uliochapwa haifahamiani.

Naona. Naona mbele, kidogo kidogo, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Uso wa mtu nauona, miguu yangu siioni. Skrubu ikidondoka imekwenda. Daktari wa macho aliniambia Januari kwamba bomba hilo litazidi kuwa jembamba, na jioni ndizo zitakazonitoka kwanza. Akaniuliza kama kuna mzazi wangu aliyekuwa hivi. Nikamwambia hapana, mama yangu alikuwa anavuka chumba na kikombe kimejaa bila kumwaga tone. Nilipofika kwenye ngazi za hospitali nikasimama. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaja kunishika mkono. Ndiyo maana nikakuandikia habari za mchezo. Sikuthubutu kuuliza jambo lenyewe.

Daktari anasema na wewe ukapimwe, na watoto wetu. Usiniletee ubishi.

Wifi yako nilimwambia siku barua yako ilipofika. Aliniuliza tangu lini, nikamwambia. Alininunia siku mbili. Hakuninunia kwa macho, alininunia kwa Januari, Februari na Machi. (Na bado. Wifi.)

Sasa linalofuata nataka aandike kwa mkono wake mwenyewe. Springi ya ile saa niliiangusha mimi. Nilijua nimeiangusha. Nilipapasa chini nusu saa, halafu yeye akaingia na kapu la sokoni, nikasema ameifagia.

(Hapa niliweka kalamu chini kwanza, wifi. Nimenawa uso, nimerudi.)

Nilichapwa nikiwa na miaka saba kwa sababu Mama aliogopa watu wa nyumba ya wageni wakijua haoni watampa nguo mwingine. Hilo nalielewa leo, nalielewa mpaka kwenye mifupa. Lakini kama nimemsamehe, sijui. Asubuhi nimesamehe, mchana mashuka yananirudia. Kinachonichanganya ni kwamba aliyenisingizia ndiye niliyemlilia sana, na mimi nimemfanyia mke wangu lile lile, tena nimefikisha miaka ambayo Mama hakuifikia.

Umeniuliza kama tulicheka. Tulicheka. Mama ndiye aliyecheka kupita wote. Alipokuwa anarudi kutoka kwenye pipa na kile kikombe, mimi napiga kelele anaiba, alikuwa anacheka mpaka anaketi chini. Anaweka kikombe kwanza, halafu anaketi. Sidhani kama ile ilikuwa ya kujifanya. Nimeiwaza sana na nimeamua haikuwa ya kujifanya.

Tumeanza kucheza hapa nyumbani. Wifi yako hajui mchezo, anatangaza kila kitu. "Chumvi imehamia kushoto! Kapu limeingia! Mimi nimehamia jikoni!" Jirani amekuja kuuliza kama tunauza vitu. (Kigoda nimekirudisha ukutani. Nilitangaza mara tatu.)

Likizo yako ni Juni. Duka nitakuwa nalo bado, fundi mwenzangu atakaa kwenye saa na mimi kwenye wateja, hayo tumeshazungumza. Lakini bado sijajua geti liko hatua ngapi toka mlangoni, wala mlango toka bombani, na nataka nizijue wakati bado naona ninapokosea. Njoo na daftari jipya na penseli. Nitatembea mimi, andika wewe. Mwandiko wako ndio mzuri.

Mdogo wako,
Fundi Saa